Visiki Vyekundu vya Gahanga

Sura ya Tisa

Kilima cha marehemu Oswald kilikuwa kimenyolewa. Kuanzia barabara ya vumbi ya Gahanga hadi bondeni, mahali palipokuwa na msitu wa mikaratusi palibaki visiki vitupu, na kila kisiki kilikuwa na alama nyekundu karibu na mizizi. Ukikitazama kwa mbali ungedhani kilima kimeota vidonda.

Mpelelezi Flaviana alisimama juu ya mteremko, buti zimemlemea kwa udongo. Nyuma yake alikuja Kenny, msaidizi wake, kijana aliyekulia Mbarara na kujifunzia Kiswahili chake kazini. Alikuwa akihema kama aliyebeba gunia.

"Afande, hii kesi imeisha," Kenny alisema. "Mzee aliuza miti yote, alama ziko, kila mtu anaziona. Halafu akarudi kukata ya mpakani, ikamwangukia. Tunaandika ajali, familia inachukua mwili, tunaenda nyumbani."

"Una haraka ya kwenda wapi?"

"Kula. Tangu asubuhi niko na chai peke yake."

"Basi kaza moyo. Visiki havijasema bado."

Habari ilivyofika ofisini kwao Kicukiro ilikuwa nyepesi. Oswald na mkewe Mukandekezi, waliorudi kutoka ukimbizini Karagwe wakiwa bado na nguvu zao, walikuwa wameuza miti kwa mfanyabiashara wa mbao wa Gikondo aitwaye Jean-Luc. Ruhusa ya kuvuna iliyotolewa na wilaya ilihusu miti minene tu, ile myembamba ibaki kushika udongo wa mteremko. Lakini kilima chote kilikatwa, mwanzoni mwa mvua. Kisha wiki hii Oswald akakutwa amekufa chini ya mkaratusi wa mstari wa mpakani, unaotenga shamba lake na la Bayingana, jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana.

Jean-Luc alieleza kwamba mzee alimuuzia kila mti na kuutia alama kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba tamaa ndiyo iliyomrudisha mpakani. Mkuu wa Flaviana alitaka neno moja tu kwenye faili, na alilitaka leo: ajali. Neno hilo likiandikwa, Mukandekezi angemzika mumewe kesho kama mwizi wa miti ya mpakani. Na kwa kuwa ardhi ni yake, wilaya ingemdai yeye kwa kila mti uliokatwa nje ya ruhusa. Hakuwa na cha kulipia ila kilima chenyewe.

Mti uliomuua Oswald ulikuwa umelala pale pale ulipoangukia, kilele kikielekea bondeni. Flaviana alichuchumaa kwenye kisiki chake. Mkato ulikuwa laini kama meza, mkato wa msumeno wa injini. Upande wa bondeni palikuwa na lile pengo la kwanza ambalo wakataji huliita mdomo, kwa sababu mti huangukia upande unaofunguka.

"Mwili ulikutwa wapi?"

"Kule chini, ndani ya matawi," Kenny alijibu. "Nimesimika vijiti. Alikuwa amelala chali. Daktari anasema kifua na paji la uso ndivyo vilivyopigwa."

"Njoo usimame hapa kwenye kisiki. Shika msumeno."

"Sina msumeno, afande."

"Jifanye unao."

Kenny aliinama, akashika hewa kwa mikono miwili.

"Mti wako unaangukia wapi?"

"Kule. Bondeni."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko hapa, nyuma yake..." Kenny aliangalia vijiti kule chini, akaangalia miguu yake, kisha akashusha mikono polepole.

"Mtu hawezi kuukata mti akiwa kwenye kisiki na wakati huo huo awe chini ya kilele chake," Flaviana alisema. "Na msumeno wa mzee uko wapi?"

"Haukuonekana. Nilidhani umeibwa na waliofika kwanza."

"Mzee aliwahi kuwa na msumeno wa injini?"

Kenny hakutaja chakula tena.

Walizunguka kilima kizima. Flaviana aliinama kwenye visiki vinene, kisha kwenye vyembamba, akirudia rudia, mpaka goti la suruali yake likalowa. Mikaratusi haifi kwa kukatwa. Kando ya kila kisiki machipukizi yalikuwa yamekwisha kuota, majani yake ya kijivu yakiwa yamepata kimo cha goti. Kwenye kisiki kimoja chembamba alikaa muda mrefu. Akatoa kisu, akakata chipukizi moja, akalitia ndani ya bahasha ya ushahidi na kuandika mahali alipolitoa. Akafanya hivyo tena kwenye kisiki kingine, na kingine.

"Majani ya nini?" Kenny aliuliza. "Una kikohozi?"

"Twende kwa mama."

Nyumba ya Mukandekezi ilikuwa ya matofali, na mlango wake ulikuwa umepakwa rangi nyekundu iliyofifia, nyekundu inayoelekea kahawia, kama ini. Kando ya mlango uliegemezwa msalaba mpya wa mbao, haujapakwa chochote. Viti vya plastiki vya kukodi vilikuwa vimepangwa uani kwa ajili ya matanga. Karibu vyote vilikuwa vitupu.

"Shikamoo, mama," alisema Flaviana, ambaye naye alilelewa upande ule wa mpaka wa nchi, Bukoba.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Viti ni vingi, watu ndio hawapo." Mukandekezi alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge cheusi, na sauti yake ilikuwa kavu. "Wamesikia alikufa akiiba. Nani atakuja kumlilia mwizi?"

"Alama kwenye miti aliweka nani?"

"Yeye. Kwa rangi iliyobaki tulipopaka mlango huu. Kila mti alama mbili, moja usawa wa kifua, moja chini kabisa kwenye mzizi. Nikamwambia, baba, unamaliza rangi bure. Akasema ile ya juu itaondoka na gogo. Ile ya chini itabaki kutusemea."

"Aliweka kwenye miti yote?"

"Minene tu. Ile myembamba aliipanda mwenyewe juzi juzi, angeiuzaje?"

"Siku ya kukata alikuwepo?"

"Alitaka asimame pale mpaka gogo la mwisho litoke. Jean-Luc alijua. Kisha kifua kikambana, nikampeleka hospitali. Jean-Luc akaja kumwona wodini na maziwa mkononi. Akamwambia, 'Mzee, upone kwanza, tutakungoja.' Kesho yake misumeno ikalia huku." Mukandekezi alinyoosha kitenge chake magotini. "Aliporudi juma lililopita alisimama pale ulipo wewe mpaka jioni, anakitazama kilima. Juzi ndiyo akamwendea Jean-Luc, akamwambia anakwenda wilayani kuonyesha visiki visivyo na alama."

Kenny aliinua kichwa. "Lakini vyote vina alama, mama."

"Mimi sijui, baba. Miguu yangu hainifikishi kule tena."

Flaviana aliuliza swali la mwisho. "Wakati wa kuuza, shahidi wenu alikuwa nani?"

"Bayingana."

"Bayingana yupi? Huyu mliyegombania naye mpaka?"

"Huyo huyo. Nilimwuliza Oswald kama ana akili timamu. Akanijibu, 'Rafiki yangu atatazama glasi ya pombe. Bayingana atatazama mpaka.'"

Bayingana walimkuta kwenye zizi lake, akimkamua ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu. Hakunyanyuka. Alikuwa mwanajeshi zamani na bado alikaa kama anayengojea amri.

"Mmechelewa kunikamata," alisema. "Mudugudu huu, kijiji kizima, umeshanihukumu."

"Ulimchukia Oswald?" Flaviana aliuliza.

"Sana. Andika. Alisogeza uzio wake, mimi nikaurudisha, akausogeza tena. Mtu mkaidi kama jiwe."

"Asubuhi aliyokufa ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilisikia msumeno wa injini mpakani, nikasema huyu mzee sasa ameuza mpaka wenyewe. Nikafunga mlango ili nisitoke nikamvunja mtu."

"Ulisikia msumeno. Ulisikia na sauti?"

"Sauti ya Oswald. Alikuwa akipiga kelele neno moja. 'Haina! Haina!' Sikujua haina nini."

Kenny aliandika. Flaviana alisogea mpaka maziwa yakawa yanaruka karibu na buti zake.

"Mzee, siku ya kuuza miti ulikunywa pombe ya mashahidi?"

Mikono ya Bayingana ilisimama. Ni desturi ya huku. Mnunuzi huleta pombe, mashahidi hunywa mbele ya muuzaji, na anayekunywa anakuwa amefungwa na alichokiona siku hiyo, ampende muuzaji au asimpende.

"Nilikunywa," alisema.

"Basi uliona nini?"

"Niliona Oswald akiuza miti minene. Nilipita naye kwenye kila mmoja, nikagusa kila alama kwa kidole, juu na chini, kwa sababu sikumwamini. Mstari wa mpakani haukuuzwa. Hilo nilimwambia Jean-Luc usoni kwake: ukigusa mpaka, umenigusa mimi."

"Kwa nini hukusema haya yote mapema?"

"Nani aliniuliza? Kila anayekuja hapa anauliza kama nimeua. Wewe wa kwanza kuuliza nilikunywa nini." Alinyanyuka na ndoo yake. "Yule mfanyabiashara alicheka aliponiona pale. Alidhani ninakunywa bure, kwamba adui wa mtu hawezi kumtetea. Hajui watu."

Yadi ya Jean-Luc ilikuwa Gikondo, kati ya gereji mbili na ghala la saruji. Magogo yalirundikwa hadi usawa wa paa, na mwisho wa kila gogo ulipakwa rangi nyekundu inayong'aa, nyekundu ya gari jipya. Mkata miti aitwaye Kamanzi aliketi juu ya gogo akinoa mnyororo wa msumeno kwa tupa. Jean-Luc mwenyewe alitoka ofisini mikono imefunguka. Alikuwa mtu mnene aliyekulia Bukavu, na shati lake lilipigwa pasi vizuri.

"Madamu! Karibu sana. Kamanzi, leta kiti kwa madamu. Mutakunywa nini? Fanta?"

"Hatunywi kitu hapa," Flaviana alisema. Kamanzi alileta kiti, akarudi kwenye gogo lake. "Hii rangi ya nini?"

"Ah, hiyo? Ni alama ya yadi. Kila mutu na rangi yake, ili magogo yasichanganyike njiani. Mimi ni nyekundu. Bila hivyo tunaibiana, madamu. Biashara ya mbao iko na wezi wengi."

"Naamini. Nimekuja kufunga faili la mzee Oswald. Nataka maelezo yako yawe sawa tu."

"Mungu amupumzishe. Niko tayari."

"Miti uliyokata, yote ilikuwa na alama?"

"Yote. Minene na miembamba."

"Alama mbili mbili?"

"Juu na chini. Yule mzee alikuwa mutu wa utaratibu."

"Uliziona wewe mwenyewe kabla ya kukata?"

"Kwa macho haya mawili. Nilisema, Kamanzi, mutu asiguse muti haina alama. Kweli ao si kweli?"

Kamanzi aliendelea kunoa.

"Na baada ya kukata," Flaviana alisema, "kuna mtu wenu aliyerudi kule kilimani?"

"Kufanya nini, madamu? Tulimaliza mwanzo wa mvua. Hatujarudi hata siku moja."

"Kenny, msomee."

Kenny alisoma maelezo neno kwa neno. Jean-Luc alitikisa kichwa kukubali kila sentensi, akatia saini kwa madaha, akarudisha kalamu. "Voilà, imekwisha," alisema. "Sasa Fanta?"

Flaviana alifungua bahasha. Juu ya meza ndogo iliyokuwa mlangoni mwa ofisi, pembeni mwa karatasi ile iliyotiwa saini, aliweka chipukizi la mkaratusi. Jani moja lilikuwa la kijivu nusu. Nusu nyingine ilikuwa nyekundu, na tone la rangi lilikuwa limeteremka mpaka kwenye kikonyo na kukauka.

"Unakijua hiki?"

"Jani."

"Ni chipukizi. Huota pembeni mwa kisiki mti ukishakatwa. Gogo linaondoka kwanza, halafu hili linatoka. Umesema mzee alipaka alama kabla hujakata, na umesema tangu ukate hakuna aliyerudi. Sasa nieleze. Mzee alipaka vipi jani ambalo lilikuwa halijaota?"

Jean-Luc alitazama lile jani.

"Labda... labda mzee alirudi kupaka mwenyewe," alisema hatimaye.

"Apake visiki ili vimshuhudie kwamba aliuza kila kitu? Na apake kwa rangi ya yadi yako?" Flaviana aliweka mezani kipande cha gome alichobandua kwenye kisiki kinene. Alama yake ilikuwa nyekundu iliyofifia, ya ini. "Hii ndiyo rangi yake. Nimeiona mlangoni kwake. Visiki vinene vyote vina hii. Vile vyembamba vina hiyo unayopaka magogo yako."

Tupa ya Kamanzi ilianguka kwenye zege.

"Bosi," alisema kwa sauti ndogo, "si nilikuambia tuondoe majani kwanza?"

"Nyamaza, mushenzi wewe!"

"Usimnyamazishe," Flaviana alisema. Hakupandisha sauti. Alimgeukia Kamanzi na kuketi kwenye kile kiti alicholetewa, uso kwa uso naye. "Mlirudi siku gani?"

"Siku hiyo hiyo mzee alikufa. Mzee alisema anaenda wilaya. Bosi akasema tupake visiki, halafu tukate na ile ya mpaka, itaonekana mzee iko na tamaa, na yule jirani watapigana, hakuna mutu atauliza sisi."

"Mlipoanza mti wa mpakani, mzee alikuwa wapi?"

Kamanzi alifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu.

"Alikuja. Akaenda akasimama kule chini, mahali muti itaangukia. Akaangalia mimi. Anapiga kelele, 'Haina alama! Haina!' Mimi nikazima mashine. Nikasema, bosi, mutu iko chini. Bosi akasema, 'Washa. Kata. Akiona muti inakuja atakimbia.'"

Gari la mchanga lilipita barabarani. Walingoja lipite.

"Hakukimbia," Kamanzi alisema.

Kenny alitoa pingu bila kuambiwa. Jean-Luc alianza kutaja majina ya watu wakubwa anaowajua. Alikuwa bado anayataja mlango wa gari ulipofungwa.

Jua lilikuwa bado liko juu Flaviana alipopanda tena Gahanga. Aliacha gari barabarani akatembea. Uani kwa Mukandekezi kiti kimoja kilikuwa na mtu. Bayingana alikuwa ameketi amenyooka, kofia magotini, na debe la maziwa miguuni pake. Mukandekezi alikuwa ameketi kizingitini.

Flaviana aliketi kati yao, akaeleza yote kwa utaratibu, bila kupunguza. Kwamba neno kwenye faili halitakuwa ajali. Kwamba wilaya itapelekewa rangi zote mbili, pamoja na maelezo ya shahidi, na kwamba anayedaiwa ile miti ni aliyeikata. Kwamba mwili utatoka hospitali asubuhi.

Mukandekezi alisikiliza mikono imetulia. Ilipofika ile habari ya kusimama chini ya mti, aliinua macho.

"Miguu yake ilikuwa mizima," alisema. "Angeweza kukimbia."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anautazama?"

"Alikuwa anautazama."

Mukandekezi aliingia ndani, akarudi na kopo la ile rangi ya mlango, lililokuwa na kutu mdomoni, na brashi iliyokauka nywele. Alilitua mbele ya Bayingana.

"Msalaba wake haujapakwa," alisema. "Mimi goti halikunji tena. Wewe unajua alipenda vipi."

Bayingana aliweka kofia kwenye kiti. Alilowesha brashi kwa muda mrefu mpaka ikalainika, akapiga goti mbele ya mlango, akaanza kupaka kutoka juu. Alipaka polepole, kama mtu anayefuata amri aliyoielewa. Barabarani wanawake wawili waliokuwa wanapita walisimama. Mmoja alisema kitu kwa Kinyarwanda. Wakageuza njia, wakaingia uani, wakatafuta viti.

"Na chini pia, Bayingana," Mukandekezi alisema. "Karibu kabisa na udongo."

"Najua," alisema Bayingana, na akainama zaidi.